Baridi Ile Tuliyokaa na Dhahabu Ndani

Mume wangu alifunga mapazia saa nane mchana, akajaribu kitasa kuhakikisha mlango umefungwa, kisha akaniita mezani. Uso wake ulikuwa ule ule aliokuwa nao siku alipopigiwa simu kuhusu mama yake, kwa hiyo nilijua ni msiba. Nikakaa na kuanza kusoma Inna lillahi kimoyomoyo kabla sijajua ni nani amefariki.

Alichukua bisibisi, akainama nyuma ya spika ya zamani iliyokuwa pembeni ya televisheni, akafungua skrubu moja moja na kutoa soksi nyeusi, moja ya zile anazovaa kazini. Aliikung'uta juu ya kitambaa cha plastiki cha meza. Vikadondoka vipande vya manjano, kila kimoja ndani ya kasha lake la plastiki ngumu, vidogo kuliko kadi ya benki. Nilipokiinua kimoja nilishangaa uzito wake.

"Dhahabu," alisema kwa sauti ya chini, ilhali tulikuwa wawili tu.

"Ya nani?"

"Yetu."

"Umepata wapi hela ya dhahabu?"

"Nimetoa kwenye RRSP."

RRSP ni ile akaunti ya kustaafu ya hapa Kanada. Yeye alikuwa akikatwa kila mshahara, tangu alipoanza kuendesha folklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, na hela ile tulikuwa tumeisahau makusudi, ili tusiiguse. Mimi nafanya kazi jikoni katika nyumba ya wazee, na sehemu ninayofanya haina mpango wa namna hiyo. Kwa hiyo akaunti yake ndiyo ilikuwa uzee wetu wote wawili.

"Umetoa yote?"

"Bado. Iliyobaki nimepanga kuitoa mwezi huu."

Dhahabu nimeivaa tangu nikiwa msichana, hereni, bangili za harusi, na sikuwahi kuiogopa. Siku ile niliiogopa. Nilivirudisha vile vipande kwenye soksi kimoja kimoja, nikamwambia arudishe skrubu zake haraka kabla ya mtu kugonga. Nani angegonga, sikujua.

Inanibidi nieleze hofu ya mume wangu, maana bila hiyo ataonekana mjinga, naye si mjinga. Baba yake alikuwa fundi wa reli Tabora. Alistaafu akiwa na ahadi ya mafao ambayo, kwa bei za wakati alipoanza kazi, yangemjengea nyumba nzima. Yalipokuja kutoka, shilingi ilikuwa imeshaporomoka, na fedha zile zikatosha bati za upande mmoja wa paa. Upande wa pili ulibaki nyasi. Mvua ikinyesha, familia nzima ilihamia kulala chini ya bati. Mume wangu alikuwa kijana wa sekondari wakati huo. Aliniambia habari hiyo mwanzoni mwa ndoa yetu, na hakuirudia, ila kila bei ya kitu inapopanda huwa namwona anatazama juu, darini, kama mtu anayesubiri tone.

Na hapa Toronto bei zilikuwa zimepanda mpaka zikatutisha sote. Kodi ya nyumba, mafuta ya kupikia, nyama ya halali. Ghalani walianza kupunguza saa za kazi, na wazee wenzake wakawa wanaondoka mmoja mmoja. Miaka yake ya kustaafu ilikuwa imekaribia. Katika hali hiyo ndipo tulipokwenda kwenye chakula cha Idi, ukumbini Etobicoke, na baada ya pilau akasimama bwana mmoja nadhifu kuzungumza juu ya kulinda mali.

Alikuwa Mtanzania mwenzetu, Kiswahili chake kimenyooka, suti imemkaa. Alituamkia wakubwa wote shikamoo kabla ya kuanza. Akasema fedha za karatasi zinakufa, benki zinakula riba kwa jasho letu, na mtu mwenye akili anashika dhahabu kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nagawa kaimati, nilisikia nusu nusu. Mume wangu alisikia kila neno. Neno riba lilimchoma, maana siku zote hakuwa na raha na namna ile hela yake ilivyokuwa ikizaa benki. Yule bwana akaja kukaa naye, akamwita mzee wangu, wakabadilishana namba.

Mtu wa pili aliyemsukuma alikuwa mdogo wake aliyeko Texas. Huyu alikuwa ameweka dhahabu kwenye akaunti yake ya kustaafu huko Marekani, ile wanayoiita Roth, na alikuwa akiisifia kila alipopiga simu. "Kaka, ukistaafu unatoa bila kodi hata senti," alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nikimsikia kwa sababu mume wangu huweka simu kwenye spika. Mume wangu akachukua maneno hayo kama yalivyo. Akadhani akaunti ya kustaafu ni akaunti ya kustaafu, iwe Texas iwe hapa kwetu Rexdale.

Yule bwana wa ukumbini, ambaye kumbe ni muuzaji wa dhahabu, naye akamalizia. Alimwambia akitoa hela ya RRSP na kununua dhahabu hajatoa kitu, amebadilisha tu sura ya mali, na zipo namna za kuandika makaratasi ili dhahabu ihesabiwe bado imo kwenye akaunti hata ikiwa kabatini kwake. Makaratasi hayo angeyashughulikia baadaye. Mume wangu alipotaja kwamba angependa kwanza kumuuliza mama anayetufanyia hesabu za kodi, aliambiwa watu wa kodi hawapendi dhahabu kwa sababu hawapati kitu.

Basi tukaanza kuishi na ile soksi.

Sijui kama aliyewahi kukaa na kitu kama hicho anaweza kukaa kawaida. Jengo letu ni la ghorofa nyingi, korido ndefu, na milango inasikika ikifunguliwa na kufungwa mchana kutwa. Zamani sauti zile zilikuwa kwangu kama mvua, sizisikii. Sasa nilizisikia zote. Nikirudi kutoka kazini na basi la barabara ya Kipling, nilikuwa nashuka nikitazama madirisha yetu kama mapazia yako vile nilivyoyaacha. Niliacha kualika watu. Shoga yangu mmoja aliyekuwa akija kusuka alikuja, nikamwambia mlangoni kwamba naumwa, akaniangalia kwa muda, akaondoka.

Nilimwambia binti yetu, anayeishi St. James Town. Nilimwambia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yetu. Kwanza akaniuliza ni akina nani wengine wanajua. Nikasema hakuna. Akaniuliza kwani aliyewauzia hajui? Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nilikata simu nikakaa chini jikoni.

Wiki ile ile mlango uligongwa. Ilikuwa mchana, mume wangu yuko kazini, mimi nachambua mchele. Katika jengo letu anayegonga ni msimamizi wa jengo au jirani, na wote husema kwa Kiingereza au Kisomali. Huyu alisema kwa Kiswahili.

"Hodi, shemeji."

Sauti ya mtu mzima. Sikuifahamu. Nilisogea bila viatu mpaka kwenye tundu la mlango, nikaona kofia ya baridi na koti, uso ameuinamisha kwenye simu.

"Nani?"

"Mimi ni mtu wa yule bwana wa dhahabu. Mzee yupo?"

Alilitaja neno lenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwenye korido ambamo kuna majirani Wasomali waliopitia Kenya na wanaoelewa Kiswahili.

"Yupo, anaoga," nikasema. Halafu nikageuka na kupaza sauti kuelekea bafuni kusikokuwa na mtu: "Baba! Kuna mgeni!" Niliona aibu hata katikati ya hofu, nikiliita bafu.

"Hamna shida, nitasubiri. Au nifungulie nikae ndani, kuna baridi."

Hakukuwa na baridi. Korido zetu zina joto hata wakati wa theluji.

"Hatufungui," nikasema. "Mzee atampigia bwana wako."

Hakuondoka. Niliona kivuli cha viatu vyake chini ya mlango, kimetulia. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikachukua simu, nikashindwa kujua nimpigie nani. Polisi ningewaambia nini? Kwamba kuna mtu amebisha hodi kwa adabu? Nikampigia msimamizi wa jengo, nikamwambia kuna mtu simjui mlangoni kwangu. Alipofika juu, hakumkuta mtu. Sikusikia hata alipoondoka.

Yule muuzaji alipopigiwa na mume wangu, alicheka. Akasema ni mtu wake wa ofisini, alikuwa akipitia wateja kuwapelekea kalenda ya mwaka mpya. Inawezekana ni kweli. Mpaka leo sijui. Lakini kalenda haikuwahi kuletwa.

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu kwamba mimi na dhahabu hatulali tena nyumba moja bila kupata ushauri wa mtu asiyetuuzia kitu. Nilitegemea atakataa. Hakukataa. Nilimwona naye amepauka, na nikajua kwamba alichokuwa akinificha siku zote zile ni kuwa naye alikuwa akiogopa.

Mama anayetufanyia hesabu za kodi ni Muismailia, mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, na Kiswahili chake ni cha Dar ya zamani, kina utani na amri ndani yake. Ofisi yake iko kwenye safu ya maduka barabara ya Kipling, karibu na duka la dawa. Alitukaribisha chai ya maziwa, akamsikiliza mume wangu bila kumkatisha. Alipomaliza, mama akauliza jambo moja.

"Bwana, benki walipokupa hizo hela, hawakukata kitu?"

"Walikata. Nilidhani ni ada yao."

"Si ada. Ni kodi, na wala si yote. Hela uliyoitoa inahesabiwa kama mshahara wako wa mwaka huu. Tukipiga hesabu mwezi wa nne, watataka iliyobaki."

Mume wangu akasogea mbele ya kiti. "Lakini mdogo wangu Texas anasema unatoa bila kodi."

"Ana akaunti gani?"

"Roth."

Yule mama akavua miwani. "Sasa sikiliza, na shemeji naye asikilize. Huko Marekani wana akaunti mbili. Ya kawaida, unaweka hela kabla haijatozwa kodi, na kodi unalipa siku unayotoa. Roth ni kinyume. Unaweka hela iliyokwisha lipiwa kodi, kwa hiyo ukitoa uzeeni hakuna anayekudai. Hapa Kanada nasi tunazo mbili. RRSP yako ni ndugu wa ile ya kawaida. Ndugu wa Roth hapa ni TFSA. Wewe umechukua sheria ya moja ukaitumia kwenye nyingine."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ametoa mikono mezani na kuiweka mapajani, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Na dhahabu?" akauliza. "Aliniambia naweza kuiandikisha, ikae nyumbani lakini ihesabiwe imo kwenye akaunti."

"Alikudanganya," alisema mama. "Dhahabu inaruhusiwa, ndani ya RRSP na ndani ya TFSA, lakini iwe imesafishwa kwa kiwango wanachotaka, si mkufu, si bangili, na wanaoitunza ni hao wanaoshika akaunti, kwenye stoo yao. Kama ufunguo unao wewe, basi haimo. Hiyo yako imeshatoka. Na nafasi uliyoitumia kuweka hela hiyo kwenye RRSP, maana kila mtu amepimiwa kiasi cha kuweka, hairudi."

"Sasa hii iliyo ndani ya spi..." nilianza.

Yule mama alinyanyua mikono yote miwili akaziba masikio. "Usiniambie iko wapi! Mama, tafadhali. Mimi sitaki kujua."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mtu mzima, mwenye ofisi, aliyezoea siri za fedha za watu, anaogopa kujua tu dhahabu yetu ilipo. Sisi tulikuwa tunalala nayo.

Mume wangu akauliza tufanyeje. Yule mama akasema kwanza aiache hiyo RRSP iliyobaki, asiiguse mwezi huu wala mwezi ujao. Pili, tuuze vile vipande mahali panapoaminika. Tatu, kama dhahabu ni lazima, tuiweke kwenye TFSA, na tusiigeuze hela yote kuwa dhahabu.

"Kwa nini si RRSP?" mume wangu akauliza. "Ukiweka kwenye RRSP serikali inakurudishia kodi. Kwenye TFSA hawarudishi kitu. Mimi nataka kinachorudishwa."

Swali lake lilikuwa zuri, na mama alilijibu kwa heshima. "Mwenye mshahara mkubwa, nitamwambia RRSP bila kufikiri mara mbili. Anakwepa kodi kubwa leo, analipa ndogo akiwa mzee. Lakini mishahara yenu nyinyi naijua. Mnachorudishiwa leo ni kidogo. Mkistaafu, serikali inawapa wazee wenye kipato kidogo nyongeza juu ya pensheni yao. Kila utakachotoa kwenye RRSP kinahesabiwa kipato, na nyongeza inapungua. Cha TFSA hawakihesabu. Kwako wewe, bwana, kodi ulipe sasa, umalizane nao."

Akaongeza kwamba dhahabu haizai. Inakaa tu, na bei yake hushuka pia. Mume wangu alitikisa kichwa kukubali hilo la kutozaa. Nadhani alilielewa kama sifa.

Tuliporudi nyumbani tuligombana. Si kwa kelele, kwa sababu ya kuta, lakini tuligombana. Alikubali yote kuhusu kodi. Kilichomshinda ni stoo.

"Stoo ya nani? Nimeiona wapi? Siku nikienda wakasema hakuna?"

"Ni taasisi, ina sheria."

"Baba yangu naye alikuwa na taasisi iliyomtunzia."

Nilikaa karibu naye kwenye kochi. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia. Kazini, kabla ya Idi ile, alipatwa na kizunguzungu juu ya folklifti, akashuka na kukaa nyuma ya maboksi mpaka kikapita. Kilimrudia tena baadaye. Hakwenda hospitali, hakuniambia, kwa sababu waliokuwa wakipunguzwa kazi walikuwa wakianza na wagonjwa.

"Nikianguka pale," akasema, "wewe utabaki na nini? Neno la siri la akaunti hulijui. Kiingereza cha benki kinakuchanganya. Nilitaka uwe na kitu unachoweza kukishika, ukiuze mwenyewe, usimwombe mtu."

Nililia. Nilikuwa nimemkasirikia kwa wiki kadhaa kwa kuniletea hatari ndani ya nyumba, kumbe alidhani ananiachia usalama. Kesho yake nilimpeleka kliniki. Ilikuwa ni shinikizo la damu, akaandikiwa dawa, na ninamshukuru Mungu kwamba lilijulikana. Lakini hofu mpya ilikuwa imeingia, na hii haikuweza kufungiwa ndani ya spika.

Ikabaki kuviuza vile vipande. Duka tulilolichagua, baada ya binti yetu kuulizia kwa watu, lilikuwa mjini katikati, na sisi hatuna gari. Binti alitaka tuite teksi. Mume wangu akakataa, akasema dereva akijua tunakokwenda atajua tulichobeba. Tukaamua basi na treni, kama watu wanaokwenda kazini. Vile vipande tuliviweka kwenye mfuko wake wa chakula cha kazini, chini ya chapati mbili na chupa ya chai.

Tulipanga tusikae pamoja. Likitokea lolote kwa mmoja, mwingine apige simu. Kwa hiyo nilikaa mbele ya basi na yeye nyuma, watu wawili walioishi pamoja miaka mingi wakijifanya hawajuani. Theluji ilikuwa imeyeyuka nusu, viatu vya watu vimejaa matope, dirisha langu limejaa ukungu. Kila aliyepanda nilimpima kwa macho. Kijana mmoja mwenye koti jeusi alikwenda kukaa kando ya mume wangu hasa, ingawa viti vingine vilikuwa wazi. Nilitoa simu, nikaweka kidole tayari. Yule kijana akaegemeza kichwa dirishani, akalala. Alilala mpaka stesheni ya Kipling, na tulipokuwa tukishuka mume wangu alimgusa bega kumwamsha asipitilizwe. Nilimwona akifanya hivyo, mkono mmoja umekumbatia mfuko, mwingine kwenye bega la mtu aliyenitisha roho yangu yote.

Ndani ya treni watu walikuwa wengi. Nilimpoteza. Kwa stesheni kadhaa sikuona kofia yake, na nilianza kumwomba Mungu kwa sauti, midomo ikicheza, mpaka mama mmoja wa Kichina akanipisha kiti akidhani naumwa. Tulipofika nilimkuta jukwaani amesimama karibu na nguzo, jasho limemlowanisha shingo katikati ya baridi. Alinipa mkono nikaushika, tukatembea hivyo mpaka dukani, na mpango wa kutojuana ukaishia pale.

Mlango wa duka ulifunguliwa kwa kengele, na baada yake kulikuwa na mlango mwingine. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya kioo alivaa glavu, akavipokea vile vipande, akavipeleka kwenye mashine. Mimi nilikuwa na hofu moja ambayo sikumwambia mume wangu: kwamba ni bandia. Kwamba yule bwana wa suti iliyomkaa alituuzia shaba, na tumeuza uzee wetu kwa shaba, na tumeilinda shaba kwa wiki zote zile. Nilimtazama yule mwanamke usoni nikitafuta dalili. Alipima cha kwanza, akaandika. Cha pili akakirudia. Akakigeuza, akakirudia tena. Mume wangu alishika ukingo wa meza.

"Vyote ni halisi," alisema mwishowe, kwa Kiingereza. "Huyu aliyewauzia aliwatoza bei ya juu sana, lakini vyenyewe ni halisi."

Mume wangu aliomba kiti. Alikaa, akafungua mfuko wake wa chakula, akatoa chapati na kuanza kuila pale pale dukani, kama mtu aliyefunga tangu jana. Yule mwanamke hakumzuia.

Bei ya dhahabu ilikuwa imepanda kidogo tangu aliponunua, na hiyo ndiyo iliyotusaidia kuziba sehemu ya tulichotozwa zaidi. Kodi ya mwezi wa nne ililipwa, ikauma. Hela iliyobaki ikaingia kwenye TFSA mbili, yake na yangu, ambazo hatukuwahi kuzifungua miaka yote hiyo, kwa hiyo nafasi ilikuwepo ya kutosha. Sehemu ndogo ikanunuliwa dhahabu, iliyo kwenye stoo ambayo hatutaiona. RRSP iliyosalia iko vile vile. Yule muuzaji alipiga simu mara kadhaa, halafu akaacha. Nasikia bado anaalikwa kwenye kumbi, na kila ninapomwona mtu wa umri wetu akimsikiliza, huwa namsogelea na kumweleza yaliyotupata. Wengine hunisikiliza. Wengine huniona mwoga.

Siku ya kufungua zile akaunti, msichana wa benki aliuliza swali mwishoni, akilisoma kwenye kompyuta bila kututazama: mwenye akaunti akifariki, nani ataiendeleza? Akaeleza kwamba mke au mume anaweza kuichukua kama ilivyo, dhahabu na yote, bila kutozwa kodi, na haendi mahakamani.

Mume wangu anajua Kiingereza vizuri kuliko mimi. Lakini alinigeukia akaniuliza kwa Kiswahili, "Amesemaje?"

Nikamwambia. Ilinibidi niseme neno lenyewe, ukifa, nikiwa nimemtazama.

"Haitatoka mikononi mwako?" akauliza.

"Haitatoka. Inaendelea kwa jina langu."

"Mwambie akuandike," akasema. Kisha akamwomba yule msichana karatasi tupu, akaniandikia neno la siri la akaunti yake kwa herufi kubwa, akanitaka nilisome kimoyomoyo mpaka nilishike, na nilipomwambia nimelishika, akaichana.

Tulipotoka nje kulikuwa na upepo mkali. Nilimfunga skafu vizuri shingoni. Nilimuuliza kama amemeza dawa ya asubuhi, akasema amesahau, na tukarudi nyumbani kwa haraka.